Kuku wa Mekatilili na Konde la Mgiriama: Maoni juu ya Uhifadhi wa Jadi Kaskazini ya Mto Sabaki

Miongoni mwa masimulizi ya Wagiriama yaliyopata kuvuka mipaka ya lugha yao, hapana lililokwenda mbali kama kisa cha kuku wa Mekatilili wa Menza. Kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka 1913, katika baraza lililoitishwa na serikali ya Kiingereza ili kuwataka Wagiriama watoe vijana wao, Mekatilili alisimama mbele ya afisa, ambaye masimulizi mengi humtaja kuwa ni Arthur Champion, akaweka chini kuku pamoja na vifaranga wake. Akamwambia afisa ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Afisa akainama, kuku akamrukia na kumdonoa. Hapo Mekatilili akasema kwamba hivyo ndivyo atakavyofanyiwa yeyote atakayejaribu kuwachukua watoto wa Wagiriama. Baadhi ya matoleo huongeza kuwa afisa alimpiga kuku risasi. Mengine hayana bunduki hata kidogo.

Kisa hiki kimekwisha kupewa maana moja rasmi. Mekatilili ni mama wa taifa, kuku ni nembo ya uzazi na ushujaa, na afisa ni ubeberu wenyewe. Hatusemi kwamba maana hiyo ni potofu. Tusemalo ni kwamba ni maana iliyotolewa na watu waliokwisha ondoka shambani, na kwamba kisa kikisikilizwa kwa masikio ya mkulima wa Gongoni kina neno jingine, lililo zito zaidi. Tutajaribu kulionyesha neno hilo, kisha tutazame jinsi jadi ya wakulima hawa inavyoadhimishwa na kuhifadhiwa, na ni nini kinachoachwa nje ya sherehe.

Tuanze na swali dogo. Kwa nini kifaranga? Mwizi wa kuku haibi kifaranga. Kifaranga hana nyama, hana yai, wala hapelekwi sokoni. Anayemchukua kifaranga akamwacha mama yake ni mmoja tu, naye kila mfugaji anamjua: mwewe. Katika kisa kama kinavyojulikana na wengi, mwewe hatajwi hata mara moja, na hapo ndipo ulipo usanii wake. Mekatilili hamwiti afisa mwewe. Anamweka mahali pa mwewe, kisha anamwacha atende kitendo cha mwewe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Hadhira ya wakulima haikuhitaji kuelezwa. Afisa alihitaji, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumweleza, alidonolewa.

Tena mwewe ana wakati wake. Hushuka pale ua unapokuwa mtupu, yaani watu wanapokuwa kondeni: wakati wa kupanda na wakati wa palizi, ambapo hata watoto huwa wamekwenda kuamia ndege na kufukuza nyani. Anayesikia habari za kifaranga kuchukuliwa husikia papo hapo habari za upungufu wa mikono. Kwa hiyo kuku hakuletwa barazani kwa sababu ni mama tu. Aliletwa kwa sababu ni mali ya kila siku ya nyumba ya mkulima, na kwa sababu maisha yake yamefungamana na ratiba ya jembe. Simba angefaa kwa ushujaa; kwa hoja hii asingefaa. Na kwa maoni yetu sentensi ile ya mwisho, ambayo ndiyo inukuliwayo zaidi vitabuni, ndiyo yenye usanii mdogo kuliko zote: ni tafsiri aliyotafsiriwa mgeni.

Historia inaunga mkono usomaji huu. Gongoni iko katika barabara itokayo Malindi kwenda Garsen, kaskazini ya Sabaki na mbele ya Mambrui. Leo imo katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Katika karne ya 19 Wagiriama walianza kutawanyika kutoka katika makao yao ya kaya, wakifuata ardhi mpya, na kufikia miaka ya 1890 walikuwa wamekwisha kuuvuka mto huu. Walilima nafaka na kuwauzia wafanyabiashara wa Malindi na Mambrui. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka vibarua kwa mashamba ya walowezi na kwa kazi zake. Cynthia Brantley, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya upinzani wa Wagiriama, ameonyesha kwamba hapo ndipo penye kiini cha ugomvi: watu waliojitosheleza kwa nafaka hawakuwa na haja ya mshahara, na nguvu za vijana ndizo zilizokuwa rasilimali yao kuu. Kumwondoa kijana kondeni kulikuwa ni kuliondoa konde lenyewe.

Yaliyofuata yanajulikana. Mekatilili aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu. Viapo viwili, mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume, vikaliwa katika Kaya Fungo. Oktoba 1913 alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, na mwanzoni mwa 1914 wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti na vita vikapiganwa. Masharti ya amani yanafaa kusomwa polepole na mhakiki wa fasihi, maana ni jibu la afisa kwa kisa cha kuku: faini ya rupia 100,000, wanaume 1,000 wa kuchukua mizigo ya vita, na wote waliokaa kaskazini ya Sabaki wahame. Fedha, vijana, ardhi. Watu wakahamishwa. Kabla muongo ule haujakwisha wengi walikuwa wamevuka mto tena kurudi makondeni mwao, na ukaidi huo wa kurudi, usio na hotuba wala sanamu, ni sehemu ya jadi ya Magarini sawa na kisa chenyewe.

Champion yule yule, ikiwa ndiye aliyedonolewa, aliandika maelezo marefu juu ya mila za Wagiriama, yaliyochapishwa mwaka 1967 chini ya uhariri wa John Middleton. Ni kitabu cha manufaa na hatuna budi kukitumia. Lakini wanafunzi wetu wanaokinukuu wangefaa kukumbuka kwamba mwandishi alikuwa ndiye mkusanyaji wa vibarua.

Sasa tuangalie uhifadhi wa leo. Heshima kubwa ya kimataifa iliyopata kutolewa kwa jadi ya Wamijikenda ni ile ya mwaka 2008, pale misitu ya kaya ilipoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwaka 2009 mila zinazohusiana na kaya hizo zikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kunusuriwa haraka. Hapana shaka hatua hizo zimesaidia. Misitu ile ilikuwa ikikatwa, na wazee waliokuwa wakiilinda peke yao wamepata sauti. Hata hivyo, misitu iliyoorodheshwa iko kusini ya Sabaki. Watu wa Gongoni na Magarini ni wazao wa wale walioondoka kaya ili walime. Kaya ni kumbukumbu yao, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya. Lakini walichokiumba wao wenyewe kwa zaidi ya karne moja ni konde, pamoja na maneno, nyimbo za kazi, majina ya misimu na sheria za kugawana ardhi. Hayo hayana mpaka unaoweza kuchorwa ramanini, na kwa hiyo hayaorodhesheki kwa urahisi.

Linalotusumbua hapa ni kosa la usomaji ambalo limejirudia mara nyingi. Mkulima wa jadi hii huhama. Ardhi ikichoka huipumzisha, akafyeka kwingine, akarudi baadaye. Mahali alipotoka pakibaki na minazi, miembe na makaburi, Mswahili husema ni mahame. Mgeni akipita husema ni pori lisilo na mwenyewe. Ukoloni uliisoma hivyo ardhi ya Sabaki. Mpango wa makazi wa Magarini, ulioendeshwa kwa msaada wa Australia kuanzia miaka ya 1970 hadi 1989, ulikusudia kumtuliza mkulima huyo katika kipande kimoja cha ardhi. Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson wameeleza katika kitabu chao cha 1991 jinsi nia njema zilivyoshindwa na uhaba wa maji na hali ya udongo. Katika ufuo kuanzia Gongoni kuelekea Marereni sehemu kubwa ya ardhi imegeuzwa mabwawa ya chumvi, na malalamiko ya wakazi juu ya ardhi yao yalifikishwa mbele ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 2006. Kila mara hoja imekuwa ile ile: hapa hapana mtu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni vigango. Kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa kwa mfano wa mtu, inayosimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Familia ikihamia makonde mapya, kigango hakihamishwi. Hubaki pale pale, kikila mvua na jua, na mwiko unakataza kuking'oa. Wafanyabiashara wa sanaa walipokiona kimesimama peke yake mahameni walisema kimetupwa, na kwa hoja hiyo mamia ya vigango yaliuzwa nje na kuingia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Monica Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze waliifichua biashara hiyo katika makala yao ya mwaka 2003, na mwaka 2007 vigango viwili vya familia moja vikarudishwa nyumbani, vingine vimefuata. Tukikisoma kigango kama utungo, ambavyo ndivyo kinavyostahili, tutaona kwamba kukaa kwake mahameni ndiyo maana yake. Kigango ni dai la kurudi. Kinasema konde hili linapumzika na mwenyewe yupo. Ukikiweka ndani ya kabati la kioo, hata kabati la Nairobi, kitabaki na umbo na kupoteza usemi. (Kwa hakika hata baadhi ya makala za Kiswahili huviita vigango "sanamu" na kuendelea mbele, kana kwamba neno hilo linatosha.)

Juu ya ngoma tutasema machache, kwa kuwa mengi yamekwisha semwa. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, ina wachezaji hodari wa kulipwa wachezao ngoma za makabila mengi, wa kabila hili wakicheza za kabila lile. Gonda ya Kigiriama huchezwa humo pamoja na nyingine, na mtazamaji hufurahia hando zinavyotikisika viunoni. Okot p'Bitek alikwisha kuonya, katika maandishi yake ya miaka ya 1970, kwamba utamaduni unaotazamwa na kulipiwa kiingilio umetengwa na maisha ya wenyewe. Hatudhani kuwa ngoma ikipanda jukwaani hufa. Tunachodai ni kwamba huko hubadili utanzu: kifudu, iliyofungamana na maziko na uzazi na iliyowakusanya watu dhidi ya serikali mwaka 1913, ikiwa baina ya ngoma mbili nyingine kwa dakika sita haina tena la kumtaka mtazamaji afanye.

Sherehe za Mekatilili, zinazoandaliwa kila mwaka na chama kijulikanacho kwa ufupi kama MADCA, zi mbali na hali hiyo, nasi twazisifu. Zinafanywa na wenyewe, wazee wakiwa mbele, na zinafika hadi Bungale, Magarini, alikozikwa shujaa huyo. Hufanywa aghalabu mwezi wa Agosti, ambao katika nchi hii ni wakati wa mavuno ya mvua kubwa, ingawa mavuno hayo hayapewi nafasi kubwa katika maelezo ya sherehe. Udhaifu tunaouona ni wa lugha. Mzee wa Kimijikenda anapofungua maneno mazito husema "Taireni," na waliohudhuria hujibu "Za Mulungu," na hurudiwa mpaka hadhira yote iwe imeingia ndani ya usemi. Huo ni mfumo kamili wa fanani na hadhira, na tungo zinazotamkwa ndani yake hutegemea majibu hayo kwa pumzi na kwa mizani yake. Mbele ya wageni, maofisa na vinasa sauti, lugha ya jukwaa huelekea kuwa Kiswahili au Kiingereza. "Taireni" hubaki kama salamu ya heshima, kisha kisa cha kuku husimuliwa kwa mkondo mmoja hadi mwisho bila mtu kujibu.

Hapa sisi wa idara za Kiswahili hatuna budi kujitazama. Wataalamu wa isimu wameuchukua mto upitao kusini ya Gongoni wakaufanya jina la jamii nzima ya lugha. Katika kitabu cha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch cha mwaka 1993, Kisabaki ni Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Tangu Krapf alipokaa Rabai kuanzia mwaka 1846, na tangu Taylor alipochapisha msamiati na mkusanyo wake wa Kigiriama mwaka 1891, maneno ya wakulima hawa yamekuwa ghala letu la ushahidi. Twawafundisha wanafunzi kwamba mvua yetu ni mvula yao, kwamba sauti iliyodondoka kwetu kwao ingali hai. Kwamba njaa ni ndzala, mti ni muhi, moto ni moho, kulima ni kurima. Baada ya kuthibitisha udugu wa lugha tunafunga daftari. Tumeyachukua maneno mamia kwa mamia, na sentensi ambazo wakulima walizitunga kwa maneno hayo tumeziacha kule kule.

Hasara yake si ya Wagiriama peke yao. Chukua neno mwaka. Kwa mkulima wa Kimijikenda mwaka ni majira ya mvua kubwa, kama vile Mombasa nako husemwa mvua za mwaka. Hesabu ya siku 365 ni maana iliyokuja kupanda juu yake. Utungo wa konde unaotaja mwaka unataja mvua, na mfasiri asiyelijua hilo ataandika upuuzi kwa Kiswahili sanifu kabisa. Chukua pia juma la siku nne, ambalo ndani yake Jumwa ni siku ya kupumzika, na jina la mojawapo ya siku nyingine limejengwa juu ya kitenzi kurima. Wimbo ukitaja siku hizo umekwisha kusema nani yuko kondeni na nani yuko nyumbani, na, tukirudi kwenye kuku wetu, ni siku ipi mwewe hushuka. Hayo yote humo ndani ya neno moja, wala hayahitaji maelezo ya chini ya ukurasa maadamu wasikilizaji wanalima.

Na ikiwa hawalimi tena? Hilo ndilo swali gumu, na uhifadhi wa kupamba haulijibu. Kijana wa Gongoni anayefanya kazi katika mabwawa ya chumvi, au anayeendesha bodaboda hadi Malindi, hana sababu ya kukumbuka majina ya udongo. Si mbali na hapo, katika jukwaa la San Marco lililomo baharini karibu na Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru, na hivyo neno la Kiswahili likapanda angani kutoka pwani hii hii. Hatuwezi kumtaka kijana huyo arudi nyuma ya satelaiti. Twaweza kutaka kwamba anaposimuliwa kisa cha kuku, asimuliwe pamoja na mwewe.

Njia ipo, na safari hii iko katika sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi, na sheria ya mwaka 2016 juu ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inazipa kaunti jukumu la kuweka daftari la maarifa hayo. Daftari ni utanzu wa maandishi kama utanzu mwingine, nalo litahifadhi kile tu ambacho safu zake zinauliza. Likiuliza jina la ngoma, vazi na ala, litajaa kayamba na hando. Kwa tungo za wakulima wa Magarini tungependekeza liulize mambo mengine: ulitungwa au uliimbwa katika kazi gani, kufyeka, kupanda, palizi, kuamia ndege au kuvuna, katika mwaka au katika vuli, kwa zao gani, mahindi, mhogo, kunde au mnazi, nani alikuwa akijibu, na kwa maneno gani, na konde lenyewe lilikuwa wapi, hata kama leo ni mahame au bwawa la chumvi. Maandishi yawe kwa Kigiriama kwanza, tafsiri ya Kiswahili ikae kando yake, na matoleo yanayopingana yaandikwe yote bila kusawazishwa. Lile lenye bunduki na lile lisilo nayo yakae ukurasa mmoja.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wanafunzi wawili watatu wenye Kigiriama cha nyumbani, wapelekwe Gongoni mwezi wa Aprili, mvua zinapoanza na kila mtu yuko kondeni, badala ya Agosti wageni wanapofika. Watakuta watu hawana nafasi ya kuhojiwa. Basi washike jembe, na vinasa sauti viachwe wazi pembeni ya konde.